Chuo kikuu kinadaiwa nini na kijiji?



Katika kijiji kimoja cha teritwari ya Kabare, Kivu ya Kusini, tulifungua mkutano kwa salamu na maombi kama kawaida. Kabla hatujaeleza sababu ya safari yetu, mama mmoja aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni alisimama akauliza kama na sisi tumekuja kuandika. Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Alitueleza kwamba makundi matatu ya wanafunzi wa chuo kikuu yalikuwa yamepita mbele yetu. Waliwahesabu watoto wake, mbuzi wake na mashamba yake. Walimuuliza anakula mara ngapi kwa siku na kama amefiwa wakati wa vita. Wote waliahidi kurudi, na hakuna aliyerudi.

Sisi tulio na diploma tuliinamisha kichwa. Wengi wetu katika shirika tuliandika memwari zetu kwa njia hiyo hiyo: fomu mkononi, maswali mengi, kisha kurudi mjini. Memwari inatetewa, profesa anatoa alama, kitabu kinawekwa kwenye rafu ya maktaba, na mama huyu hajui hata jambo moja lililoandikwa juu yake.

Katika makala hii tunataka kueleza wajibu wa chuo kikuu kwa jamii inayokizunguka, kwa nini jambo hilo linahusu amani, na namna ya kulifanya bila kuleta madhara. Tutaeleza pia kosa letu wenyewe, maana tumejifunza zaidi kutokana na kosa kuliko kutokana na semina.

Kazi tatu, lakini moja inasahauliwa

Katika nchi yetu, kila chuo kikuu kinasema kina kazi tatu: kufundisha, kufanya utafiti, na kuhudumia jamii. Kazi ya kwanza inaonekana kila siku. Ya pili inafanyika kwa shida, kwa sababu ya ukosefu wa vifaa na pesa. Ya tatu mara nyingi inabaki kwenye hotuba za kufungua mwaka wa masomo.

Tukumbuke historia kidogo. Chuo cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville, ni kusema Kinshasa ya leo, mwaka 1954. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa chuo kimoja cha taifa. Mwaka 1981 vikatenganishwa tena. Kwa muda mrefu, kijana wa Kivu aliyetaka kusoma chuo kikuu alilazimika kusafiri mbali sana na wazazi wake.

Hali ilibadilika wakati makanisa na wenyeji walipoanzisha vyuo vyao. Goma ilipata Université Libre des Pays des Grands Lacs mwaka 1985. Mwaka 1989 Butembo ilipata Université Catholique du Graben, na Bukavu ikapata Université Catholique de Bukavu. Mwaka 1991 Université Évangélique en Afrique ilifunguliwa hapo Bukavu. Vyuo hivi vilizaliwa wakati serikali ilikuwa imedhoofika na walimu hawalipwi vizuri. Ni nani aliyevibeba? Ni wazazi. Mzee anauza ng'ombe, mama anauza mihogo na kasiksi, ili minervali ilipwe.

Hapa ndipo tunaona msingi wa deni. Chuo kikuu hakifanyi hisani kinapokwenda kijijini. Kijiji kilitangulia kukilipa.

Wajibu si zawadi

Watu wengi wakisikia huduma kwa jamii wanafikiri juu ya siku moja kwa mwaka ambapo wanafunzi wanafagia soko, wanagawa sabuni hospitalini, kisha wanapiga picha. Si vibaya, lakini wajibu ni kitu kingine. Tunaweza kutofautisha mambo matatu:

- Zawadi: chuo kinatoa kitu na kuondoka. Anayepokea hana la kusema.
- Staji: mwanafunzi anakwenda kujifunza kazi. Anayefaidika kwanza ni mwanafunzi.
- Wajibu: chuo kinakubali kuulizwa. Jamii inaweza kusema hapa mmetusaidia, hapa mmetuumiza, na chuo kinabadilika.

Wajibu huo unaanza ndani ya chuo chenyewe. Chuo kinachofundisha haki za binadamu lakini alama zake zinauzwa kwa pesa au kwa mwili wa msichana kimeshafundisha somo jingine. Chuo ambacho kazi na nafasi zake zinakwenda kwa watu wa kabila moja kinapanda mgogoro, hata kikiwa na kozi ya utatuzi wa migogoro. Wanafunzi wanaona, na kijiji kinaona pia.

Mifano inayotupa moyo

Mfano wa kwanza unajulikana duniani kote. Hospitali ya Panzi, Bukavu, ilianzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, wakati wa vita. Hospitali hiyo inashirikiana na Université Évangélique en Afrique, na wanafunzi wa udaktari wanajifunza humo. Mwanzoni lengo lilikuwa kuwasaidia akina mama wajawazito. Lakini waliofika ni wanawake waliobakwa na kuumizwa vibaya. Madaktari walitambua kwamba kushona jeraha hakutoshi. Basi Panzi ikajenga huduma ya pande nne: matibabu, msaada wa kisaikolojia, msaada wa kisheria, na msaada wa kurudia maisha ya kujitegemea. Tarehe 20 Julai 2006 nchi yetu ilipata sheria mbili mpya dhidi ya ubakaji, namba 06/018 na 06/019. Sheria peke yake ni karatasi. Inapata nguvu pale ambapo daktari anajua kuandika ripoti ambayo hakimu anaweza kuitumia. Mwaka 2018 daktari Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Mfano wa pili hauna tuzo, lakini unagusa chungu cha kila nyumba. Mwaka 2001 ugonjwa wa kunyauka kwa migomba ulionekana Masisi, Kivu ya Kaskazini, halafu ukaenea sehemu nyingi za mashariki. Majani yanakuwa ya njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizipasua ndani ni rangi ya kutu. Ukikata shina, maji mazito ya njano yanatoka. Ugonjwa unaletwa na bakteria. Unasambazwa na wadudu wanaotua kwenye ua la mgomba, na mapanga yanayotoka shamba hadi shamba, na vipando vilivyochukuliwa katika shamba lenye ugonjwa.

Mwanzoni wataalamu waliwaambia wakulima wang'oe kisiki chote pamoja na machipukizi yake. Ni kazi ngumu sana, hasa kwa mjane au mzee, na familia inabaki bila chakula wala pesa. Wakulima wengi walikataa. Watafiti walirudi shambani, wakaona kwamba si kila chipukizi la kisiki kimoja linaambukizwa. Ushauri ukabadilika: kata mapema shina lenye ugonjwa peke yake, chini kabisa, ondoa ua la mwisho kwa mti wenye panda badala ya panga, mara tu mkungu unapomaliza kutoa vichana, pitisha panga kwenye moto au kwenye Jik kabla ya kugusa mgomba mwingine. Wakulima wakalifanya, maana jambo hilo linawezekana. Somo kwetu ni hili: mkulima anapokataa ushauri, si kila mara ni ujinga. Pengine ushauri wenyewe haujakomaa.

Kosa letu: miche iliyong'olewa usiku

Sasa tueleze lililotupata sisi.

Kilima kimoja karibu na kijiji cha yule mama kilikuwa kinabomoka. Kila mvua ilishusha udongo hadi bondeni. Tulishirikiana na wanafunzi wa kilimo. Walipima mteremko, wakachora mistari ya kuzuia mmomonyoko, wakatayarisha miche ya grevilea na kaliandra. Sisi tulitoa gari na pesa ya kitalu. Familia za wakulima wa kilima hicho zilipanda miche kwa furaha, tukapiga picha, tukaandika ripoti.

Siku ya tatu miche yote ya upande mmoja ilikutwa imeng'olewa. Siku ya nne vijana wa koo mbili walikutana njiani na mapanga, na mmoja akajeruhiwa mkono. Kidogo tu damu nyingi ingemwagika kwa ajili ya mradi wa mazingira.

Hatukuwa tumeuliza swali moja rahisi: ardhi hii ni ya nani, na kwa mkataba gani?

Kwa desturi ya Bushi kuna njia mbili kubwa za kupata shamba. Ya kwanza ni kalinzi. Mtu anatoa ng'ombe kwa mwami au kwa anayemwakilisha, naye anapata shamba ambalo watoto wake watarithi. Ya pili ni bwasa. Mtu anakodi sehemu ya shamba kwa muda mfupi na analipa kwa mavuno au kwa kazi. Mwenye bwasa anaruhusiwa kupanda maharagwe, mahindi au viazi. Haruhusiwi kupanda mazao ya kudumu kama migomba, kahawa au miti, kwa sababu anayepanda mti anatangaza kwamba shamba ni lake.

Wakulima wetu walikuwa ni watu wa bwasa. Mbele ya macho ya mwenye kalinzi, sisi na wanafunzi tulikuwa tumewasaidia kunyang'anya kilima. Kwa upande wao, wenye bwasa waliona kwamba chuo kikuu kimewapa haki, kwa hiyo walikuwa tayari kupigana. Hakuna aliyekuwa mwovu. Mche wa grevilea ulikuwa na maana mbili, nasi tulijua moja tu.

Kwa nini ardhi inawaka haraka

Mgogoro wa kilima kidogo kama hiki unasimama juu ya mgogoro mkubwa. Sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya Dola. Raia anapata konsesio, na haki yake inathibitishwa na cheti cha uandikishaji. Kuhusu ardhi za kimila, kifungu cha 389 kilisema haki za watu zitapangwa kwa amri ya Rais. Miaka mingi ilipita bila amri hiyo kutoka. Kwa hiyo mamilioni ya wakulima walibaki na haki ambayo kijiji kinaitambua lakini ofisi ya ardhi haina karatasi yake.

Mwishoni mwa mwaka 1973 pia, serikali ya Mobutu ilichukua mali za wageni na kuwapa wananchi wenye nafasi. Ndivyo mashamba makubwa ya chai, kahawa na kinini katika Kivu yalivyoingia mikononi mwa watu wakubwa. Baadhi yao walipanua mipaka hadi kwenye mashamba ya wanakijiji. Mwenye cheti alikuwa na nguvu, maana kwa sheria hiyo cheti kikikaa miaka 2 bila kupingwa, kukitikisa ni vigumu sana. Mkulima asiyesoma anasikia habari siku anapofukuzwa.

Hata hivyo, Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 34, inasema kwamba Dola linalinda haki ya mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Ni wangapi kilimani wanaojua hivyo? Hapa ndipo mwanafunzi wa sheria angeweza kuwa na faida kubwa kuliko fomu zake.

Jinsi tulivyorudia kazi

Tulikwenda kwanza kuomba msamaha. Tulianza vibaya tena: mkutano wa kwanza tuliufanya nyumbani kwa mzee wa ukoo wenye kalinzi, kwa sababu nyumba yake ni kubwa. Upande wa pili haukuja. Tulihamisha mikutano kwenye uwanja wa shule, ambao si wa ukoo wowote.

Safari hii tuliomba chuo kitume wanafunzi wa sheria pamoja na wale wa kilimo, na mwalimu wao awepo. Kwa miezi kadhaa walisikiliza kila upande peke yake, wanawake peke yao pia, maana wao ndio wanaolima lakini hawaitwi wakati wa kugawa. Ndipo tukajua kwamba woga mkubwa wa wenye bwasa si kukosa mti. Ni kufukuzwa kabla ya kuvuna.

Mwishoni pande mbili zilikubaliana mambo manne:

1. Bwasa iandikwe, kwa Mashi na kwa Kiswahili: muda, malipo, na mipaka.
2. Mwenye shamba akitaka kulichukua, angoje mavuno yaliyo shambani.
3. Kwenye mistari ya kuzuia mmomonyoko yapandwe majani ya setaria badala ya miti. Majani yanashika udongo, yanalisha mbuzi, na hayatangazi umiliki.
4. Grevilea zipandwe mpakani na wenye kalinzi, na matawi yanayokatwa yawe kuni za familia zote mbili.

Kila karatasi iliwekwa alama ya kidole mbele ya mashahidi na shefu wa kijiji. Kila upande ulibaki na nakala yake.

Hatutaki kuwadanganya. Familia moja ilikataa kutia kidole, na kesi yake ikapelekwa mahakamani. Karatasi hizo si vyeti vya Dola, na anayetaka kuzivunja anaweza. Lakini kilima kililimwa msimu uliofuata bila mapanga kuinuliwa, na wanafunzi walijifunza jambo ambalo halikuwa katika kozi zao.

Mambo ambayo chuo kinapaswa kufanya

Kutokana na safari hiyo tunapendekeza yafuatayo kwa wakuu wa vyuo, walimu na wanafunzi:

- Uliza kabla ya kuleta. Tatizo likitajwa na kijiji chenyewe, kazi itaendelea hata gari lisipokuja.
- Jua migogoro iliyopo: nani ana ardhi, nani hana, nani hasemeshani na nani. Kila msaada unaingia upande fulani wa mizani.
- Changanya masomo. Mmomonyoko si jambo la kilimo tu, na ubakaji si jambo la udaktari tu.
- Changanya watu. Kundi la wanafunzi wa makabila mbalimbali, wavulana na wasichana, linahubiri amani kabla ya kufungua kinywa.
- Linda siri. Jina la mama aliyebakwa au la mtu aliyetaja wenye silaha lisiandikwe kwenye fomu inayopita mikononi mwa wengi.
- Rudisha matokeo. Si memwari ya kurasa 80 kwa Kifaransa, bali mkutano wa saa mbili kwa lugha ya kijiji.
- Toa alama kwa huduma. Mwalimu na mwanafunzi wakipimwa kwa mitihani tu, kijiji kitabaki cha mwisho.

Mambo ambayo kijiji kina haki ya kuuliza

Wanakijiji pia wana sehemu yao. Mgeni akifika na fomu, mna haki ya kumuuliza kwa heshima: Umetumwa na nani, na barua yako iko wapi? Pesa ya kazi hii inatoka wapi? Majibu yetu yatawekwa wapi, na nani atayasoma? Utarudi lini kutueleza ulichokikuta? Mna haki pia ya kukataa swali. Mtafiti mwema hatakasirika.

Wakati wa vita

Mwaka 2025 M23 iliingia Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari. Masomo yalisimama kwa muda, na familia nyingi zilikimbia. Wengine waliuliza: wakati huu ni wa kuzungumza juu ya huduma ya chuo kikuu?

Sisi tunaona ndio hasa. Wakati mahakama hazifanyi kazi kama kawaida, mtu anayejua kuandika makubaliano na kusikiliza pande mbili ni hazina. Na chuo kikuu ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mtoto wa Mshi, wa Mrega, wa Mhavu, wa Mnande, wa Mhutu na wa Mtutsi wanaweza kukaa kwenye benchi moja. Wakitoka hapo wanaweza kwenda kwenye silaha au kwenye kilima na kipimo cha mteremko. Tunachowaonyesha leo kina uzito katika uchaguzi huo.

Baada ya mavuno tulirudi kwa yule mama. Wanafunzi walisimama uwanjani wakasoma kwa Mashi yote waliyoyaandika, ukurasa kwa ukurasa. Mara mbili aliwasimamisha kuwasahihisha, kwa sababu waliandika shamba lake ni la mume wake. Walifuta, wakaandika upya.

Maswali ya majadiliano

1. Je, chuo kikuu kilicho karibu nanyi kimewahi kurudisha matokeo ya utafiti wake kwenu? Mngependa wayarudishe kwa njia gani?
2. Katika eneo lenu, kupanda mti kuna maana gani kuhusu umiliki wa shamba?
3. Ni mradi gani wa maendeleo uliowahi kuleta ugomvi kwenu? Ni swali gani halikuulizwa mwanzoni?
4. Ninyi mliosoma: memwari yenu iko wapi leo, na wale mliowauliza maswali wanajua mliandika nini?